Harufu ya Majani Mabichi Mwezi wa Kumi

Nilipopangiwa kufundisha katika kijiji kimoja mbele ya Mpui nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sina mume wala mtoto, na nilikuwa mwoga. Uoga wangu ulifanana sana na adabu, kwa hiyo watu waliusifia. Mama alikuwa akiwaambia majirani zetu pale Izia, Sumbawanga mjini, kwamba binti yake hana neno na mtu. Ilikuwa kweli. Sikuwa na neno na mtu kwa sababu sikuthubutu kuwa nalo.

Mimi ni mtoto wa miaka ya foleni. Nakumbuka mche wa sabuni ukikatwa kwa uzi ili vipande vilingane, na nakumbuka wiki ambazo hata hicho kipande hakikupatikana, tukafulia maji ya majivu. Kwa hiyo biashara zilipofunguliwa na watu wakaanza kusema sasa kila kitu ruksa, mimi sikushangazwa sana na redio wala mashati ya mitumba yaliyojaa sokoni Sumbawanga. Nilishangazwa na harufu. Ghafla mji ulikuwa unanukia: sabuni za rangi ya waridi, poda, mafuta ya nywele, marashi ya vichupa vilivyoletwa na malori kutoka Tunduma. Kila nikienda mjini nilipita kwenye meza za wachuuzi taratibu, kama watu wanavyokwenda Njia ya Msalaba, nasimama kila kituo.

Mmoja wa wachuuzi hao alikuwa mama aliyewahi kuwa karani wa ushirika. Ushirika ulipopunguza watu alitoka na mkoba wake na mwandiko wake mzuri, akafungua meza ya vipodozi karibu na stendi. Mwishoni mwa Septemba nilipokwenda kuwaona wazazi nilipitia kwake. Nilinusa hiki nikaweka, nikanusa kile nikaweka. Mwisho akainama, akatoa chini ya meza chupa ya kijani yenye kifuniko cheupe, ya kupuliza.

"Hii hawaitaki," aliniambia. "Wanasema inanuka shamba."

Akaeleza kwamba aliyemletea alimwambia imetengenezwa kwa ajili ya majira ya joto, kumpoza mtu wakati wa jua kali. Akanipulizia kwenye kiganja, upande wa ndani wa mkono.

Haikuwa na utamu wowote. Haikuwa waridi, haikuwa asumini. Ilikuwa ni majani yaliyokatwa asubuhi yakiwa na umande, na ndani yake kitu kikali kidogo, kama jani la nyanya ukilisugua kwa vidole. Kwa mtu wa Ufipa harufu ile ina mwezi wake. Ni ya Februari na Machi, mvua ikiwa imeshiba, tunapokata nyasi mbichi na kuzifunika kwa udongo katika matuta ya duara yanayofanana na vichuguu, ziozee humo ziwe mbolea ya mwaka unaofuata. Nilikulia kwenye matuta hayo nikimfuata bibi na jembe dogo. Sasa nilikuwa nimesimama stendi, vumbi linapita, milima yote imeungua moto wa kiangazi, na mkono wangu ulikuwa Februari. Niliinunua bila kufikiri mara mbili, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kijijini sikujua pa kuitumia. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema lakini mkavu. Wiki yangu ya kwanza alinieleza kwamba mwalimu wa kike asiyeolewa anatazamwa na kijiji kizima, na kwamba kujipamba ni kuwaita watu waseme. Kwa hiyo nilifanya kama mtoto anayeiba sukari. Jioni baada ya masomo nilishuka bondeni kwenye chemchemi, saa ambazo akina mama wako jikoni, nikanawa uso na shingo, nikajipulizia mara mbili au tatu, kwenye shingo na kwenye kanga. Kisha nikapanda njia ya kilimani peke yangu, nikatembea mpaka jua linakaribia kuzama. Nikirudi harufu ilikuwa imekwisha mwilini, au mimi niliamini imekwisha. Huo ndio ulikuwa uovu wangu wote.

Ng'ambo ya bonde ilikaa familia ya wafugaji waliotoka upande wa Usukumani miaka michache kabla, na ng'ombe wao. Mkuu wa boma alikuwa mama mjane wa miaka kama hamsini na tano, mrefu, mwenye wanawe wawili wakubwa. Kila siku ya pili alileta shuleni maziwa mgando kwenye vibuyu, sisi walimu tukanunua. Alikuwa na ulimi mwepesi. Ukimwambia maziwa yamechacha sana, alikuuliza kama ulitaka akuletee ng'ombe mwenyewe ukamuonje. Alipokuwa akichunga alichimba mizizi na kuchuma majani ya kutibu mifugo, akayabeba kwenye fundo la nguo. Watu wa kijiji walinunua maziwa yake na kula mboga walizobadilishana naye, lakini wakimsema walishusha sauti.

Katikati ya Oktoba chupa iliniponyoka. Mikono ilikuwa na maji. Iligonga jiwe pale pale chemchemi, kifuniko kikaruka, na kabla sijaiokota karibu theluthi ilikuwa imekwisha kumwagika kwenye udongo wenye unyevu. Nilimwagia maji, nikafukia kwa mchanga, nikaona nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimeipanda. Bonde lile halina upepo. Udongo uliishika harufu ile siku nyingi, na jua la mchana lilipoupasha ilipanda juu kama mvuke.

Siku iliyofuata, mchana, msichana mmoja wa darasa la nne alikwenda kuchota maji na wenzake. Aliinama na ndoo, akaanguka, akakakamaa, akatupa mikono na miguu, povu likamtoka mdomoni. Wenzake walikimbia wakipiga kelele mpaka uwanja wa shule. Tulishuka mbio, mimi na mwalimu mkuu na wazee wawili. Tulipofika alikuwa ametulia, amelala ubavu, macho yako wazi lakini hayatuoni. Mwalimu mkuu alimbeba. Mzee mmoja alibaki amesimama, akavuta pumzi puani, akamtazama mwenzake.

"Unasikia?" alimuuliza. "Majani mabichi. Yako wapi?"

Sote tuliangaza macho. Kilima kilikuwa cheusi kwa moto, bonde lilikuwa na nyasi kavu za rangi ya mkeka. Hapakuwa na jani bichi mahali popote. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya mahali penyewe. Nikafanya nilichozoea kufanya maisha yangu yote: nilinyamaza.

Kufikia kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari. Mama mmoja alikumbuka kuwa aliisikia harufu ile njia ya kilimani wiki iliyopita, kama vile mtu amempita, na hakumwona mtu. Mwingine aliisikia karibu na nyumba za walimu. Watoto waliokuwa na msichana yule walisema ilimjia usoni kabla hajaanguka. Na ni nani hapa anayebeba majani kiangazi? Ni nani anayejua yanakopatikana wakati hakuna? Jina la mjane lilitajwa kwanza kwa kuuliza, kisha halikutajwa tena kwa sababu kila mtu alikuwa analijua.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano Jumatano. Alikuwa mzee mchovu aliyetaka tu watu wasiumizane mikononi mwake. Mjane aliitwa, akaja na mwanawe mmoja. Aliulizwa kuhusu majani. Alisema anachimba dawa za ng'ombe, na aliyetaka kuziona aende bomani. Baba wa msichana, mkulima wa ulezi ambaye mpaka siku ile nilimjua kwa upole wake, alisema hataki kuona dawa, anataka mtoto wake. Maneno yakawa makali. Mwisho ikaamuliwa kwamba kama kufikia Jumamosi hakuna aliyekiri, wataitwa kamchape.

Asiyewajua kamchape anaweza kucheka. Ni watu wanaozunguka vijijini wakidai kuwatoa wachawi. Huingia nyumba moja baada ya nyingine, wakachimbua sakafu na kupekua dari, wakatoka na pembe, au tunguri, au kichupa, na mwenye nyumba hujikuta mchawi mbele ya majirani zake. Nilipokuwa mtoto niliona mzee mmoja akitolewa kwao hivyo. Alipita mbele ya nyumba yetu amenyolewa kichwa, watu nyuma yake, na alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu ambaye hajui uso wake ufanye nini. Mwenyekiti akasema safari hii zitapekuliwa nyumba zote bila ubaguzi, hata za walimu.

Chupa ilikuwa kwenye sanduku langu, imefungwa ndani ya soksi.

Siku tatu hizo nilifua kanga yangu mara tatu, nikaianika ndani. Nilifikiria kuitupa chupa chooni, lakini choo chetu kilikuwa cha walimu wote, na nilijua harufu ile ingepanda kutoka shimoni imshitaki atakayefuata kuingia. Nilifikiria kuizika, lakini nilishaona kilichotokea nilipofukia mara ya kwanza. Nilifikiria kwenda nayo Sumbawanga nisirudi. Nikawa naingia darasani, naandika ubaoni, nageuka nyuma ghafla kuona kama kuna mtoto anayenusa. Kila mtoto aliyejikuna pua alinitoa jasho. Usiku nililala na taa ikiwaka, si kwa sababu ya wachawi. Niliwaogopa watu.

Alhamisi vijana walimvizia mjane njiani akileta maziwa. Hawakumgusa. Walimpokonya vibuyu vyake vinne, wakavipiga chini kimoja kimoja. Nilikuwa dirishani darasa la tatu. Niliona maziwa yakienea kwenye vumbi na yule mama amesimama, mikono imening'inia, anavitazama vile vipande. Watoto wangu waliinuka kuchungulia. Niliwaambia wakae chini tuendelee na kuzidisha.

Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. Alisema kwa sauti ya chini sana kwamba hajasikia nilichosema. Alisema yeye ana watoto sita na nyumba ya nyasi. Akanishauri niandike barua ya kuumwa, niende kwetu mpaka mambo yapoe, na nikiondoka niondoke na hicho kitu. Nilimchukia kwa dakika chache tu. Maana ushauri wake ulikuwa ndio mawazo yangu mwenyewe, yamesemwa na mtu mzima.

Barua ya kuumwa niliiandika. Ijumaa asubuhi nilikuwa nayo mfukoni, na lori la kwenda mjini lilikuwa lipite saa nne. Sijui hasa ni nini kilichonipeleka bondeni badala ya barabarani. Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilitaka kwenda kumwambia pole kabla sijakimbia, ili nikimbie vizuri.

Nilimkuta amekaa nje ya zizi, ana sindano kubwa na kamba nyembamba, anakishona kibuyu kimoja kilichopasuka kwa ufa tu. Nilimwamkia shikamoo mama. Aliitikia marahaba bila kuinua uso. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza:

"Ile kanga umeifua mara ngapi?"

Nikamjibu, mara tatu.

"Bado," alisema.

Nilimuuliza alijua tangu lini. Alisema tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akipitisha ng'ombe chemchemi, mtamba mmoja akaacha wenzake, akafuata nyayo zangu mpaka kwenye jiwe nilipokuwa nakaa, akaanza kuliramba. Maskini alidhani mvua imenyesha. Jioni nyingine akaniona mwenyewe, toka ng'ambo, najipulizia shingoni. Alicheka peke yake siku hiyo, alisema. Alikumbuka usichana wake.

Nikamuuliza kwa nini basi Jumatano hakunitaja. Alivuta kamba, akaikata kwa meno.

"Ningekutaja, nani angenisikia?" alisema. "Wewe mwalimu wa serikali, mtoto wa huku huku, unasali nao kanisa moja. Mimi mtu wa kuja. Wangesema mchawi kapata wa kumsingizia." Ndipo akainua uso, akanitazama. "Nilikuwa nakungoja wewe useme. Leo siku ya tatu."

Nililia. Aliniambia nikalilie kwingine, maana nikionekana natoka bomani kwake na macho mekundu ingekuwa kesi ya pili. Hakunisihi kitu. Alisema wanawe wanataka waondoke na ng'ombe siku ile ile, lakini kuna ng'ombe anakaribia kuzaa, na yeye hatahama kwa kufukuzwa kama mbwa wa jikoni. Akarudi kwenye kibuyu chake. Nilipokuwa napanda kutoka bondeni nilisikia lori likipita juu barabarani, na sikukimbia kulifuata.

Jumamosi mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji, asubuhi, jua likiwa kali tayari. Walikuja watu wengi kuliko siku ya kwanza. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wangu wa madaftari. Nilikuwa nimekaa benchi la walimu, na nakumbuka vitu vidogo: haja ndogo iliyokuwa imenibana ingawa nilikuwa nimetoka chooni, kisigino cha mwalimu mkuu kikigonga gonga chini. Mjane alikaa peke yake kwenye nyasi, na pande zote kumzunguka palikuwa wazi kama amechorewa duara.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi.

Nilisema harufu ile ni yangu. Nilisema si dawa, ni manukato, nimeyanunua mjini, niliyamwaga chemchemi kwa bahati mbaya siku moja kabla ya mtoto kuanguka. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikaambiwa nirudie. Nikarudia. Watu hawakuelewa. Nikatoa chupa, nikapuliza hewani.

Watu wa mbele waliinuka kwa pamoja, benchi likaanguka. Akina mama waliwafunika watoto pua kwa kanga. Yule mzee wa chemchemi alisema ndiyo hiyo, ndiyo hiyo hiyo. Na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anamtazama mjane. Wote walikuwa wananitazama mimi. Niliyajua macho yale. Nilikuwa nimeyaona utotoni, nyuma ya mzee aliyenyolewa kichwa.

Baba wa msichana alikuja mpaka mbele yangu. Aliniuliza nimemfanya nini mtoto wake. Nilimwambia sijamfanya kitu. Akasema kama ni kitu cha kujipamba nijipulizie usoni, watu waone. Nilijipulizia. Kiliingia machoni kikachoma kama pilipili, machozi yakatiririka, na nikasikia minong'ono kwamba analia, analia. Nikajua nimekwisha.

Akachukua chupa mkononi mwangu. Nilidhani anaivunja. Aliigeuza geuza, akanusa mdomo wa chupa, na nilipofuta macho niliona kwamba mkono wake unatetemeka. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kuwa yeye naye anaogopa. Akanirudishia, akakunja mkono wa shati.

"Nipulizie na mimi," alisema.

Nilimpulizia kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Alisimama, mkono ameunyoosha, anangoja kuanguka. Kijiji kizima kilingoja naye. Sijui ilikuwa muda gani. Kuku mmoja alipita katikati yetu akidonoa. Hakuna kilichotokea, na bado hakuna aliyepumua.

Ndipo mke wake akasema, kutoka walipokaa wanawake. Hakuinuka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Alishaanguka," alisema. "Wakati wa kuvuna ulezi alianguka shambani. Na kabla ya hapo, Pasaka, kwa bibi yake. Nilificha. Niliogopa wakisema ana kifafa hataolewa."

Mume wake aligeuka, akamtazama, mkono bado ameunyoosha. Baadaye nilisikia kwamba hawakusemezana wiki mbili.

Sitaki kudanganya kwamba watu waliomba msamaha. Mwenyekiti alisema mkutano umefungwa, kamchape hawataitwa. Akaichukua chupa yangu kama ushahidi, akaifungia kwenye kabati la ofisi, ambamo ilivujia daftari la kodi na barua zote za wilaya. Watu walitawanyika wakibishana. Wapo walioondoka wakicheka, na wapo walioamini kwamba mimi na mjane tulikuwa pamoja tangu mwanzo. Mjane alikung'uta vumbi kwenye nguo, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba anasubiri vibuyu vyake, akashuka bondeni. Vijana hawakuvipeleka. Wiki iliyofuata wanawake wawili au watatu waliacha vibuyu karibu na boma lake, asubuhi, bila kubisha hodi.

Msichana tulimpeleka hospitali, mimi na mama yake, juu ya lori la mahindi, tumemlaza katikati yetu. Alipewa vidonge, tukafundishwa namna ya kumlaza akianguka. Alianguka tena mara kadhaa mwaka ule, kisha ikawa mara chache. Katika vipindi vyangu nilimkalisha dawati la mbele. Hesabu hazikumkaa kabisa, lakini alikuwa na mwandiko mzuri.

Mimi nilibaki na hofu. Nimesikia watu wakisema kwamba ukisema kweli unakuwa mwepesi. Mimi sikuwa mwepesi. Kwa miezi nikisikia hodi nilitokwa na jasho kabla ya kujibu karibu. Baadhi ya majirani hawakunisalimia tena mpaka nilipohama. Wanawake wawili vijana walikuja kwangu kwa siri, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza kile kitu kinapatikana meza ipi mjini. Mwalimu mkuu hakulizungumzia jambo lile kamwe, ila nilipoomba uhamisho kwenda Kizwite, kule mjini kwetu, aliniandikia barua yenye sifa nyingi mno, na nilielewa kwamba ananisifu na kunisindikiza kwa wakati mmoja.

Mjane aliendelea kuleta maziwa. Hakubadilika kwangu, hakuwa mpole zaidi wala mkali zaidi. Baada ya mvua kwisha wanawe waliamua kushusha ng'ombe bonde la Rukwa, kwenye malisho mapana. Walipita barabara ya shule asubuhi, ng'ombe mbele, yeye nyuma na mzigo kichwani. Nilitoka darasani nikamkimbilia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwa miezi mingi, yakanipotea, nikaweza kusema moja tu, kwamba anisamehe zile siku tatu.

Alisimama, akauweka mzigo sawa. Nyuma yangu darasa la tatu lilikuwa limeshaanza fujo, dawati linaburuzwa, mtu anapiga mluzi.

"Rudi," aliniambia. "Watoto wanapiga kelele."

Akaendelea na safari. Nilisimama mpaka vumbi la ng'ombe lilipotulia barabarani, kisha nikarudi ndani nikawanyamazisha.